Shangazi, nina cheti cha ofisi lakini ofisi imenishinda

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 21, naishi Mbagala Rangi Tatu na mama pamoja na wadogo zangu wawili. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2022 nikapata daraja la nne, pointi 28. Kiswahili nina C, Elimu ya Dini ya Kiislamu C, halafu Kiingereza, Uraia na Jiografia nina D. Yaliyobaki yote ni F, Hisabati ikiwemo. Baada ya matokeo nilikaa nyumbani nikimsaidia mama kwenye genge lake la mboga.

Mwaka jana niliona bango limebandikwa kwenye nguzo ya umeme: Utawala wa Biashara na Stadi za Ofisi, miezi mitatu, cheti na ajira. Ada ilikuwa laki tatu na nusu. Mama alikopa kwenye kikoba chake akanilipia. Darasani tulikuwa zaidi ya arobaini, na kompyuta zinazowaka zilikuwa saba. Siku nyingi mwalimu alikuwa anatusomea notsi, sisi tunaandika: maana ya menejimenti, sifa za kiongozi bora, aina za mawasiliano. Kwenye kompyuta nilijifunza kuchapa barua moja ya kuomba kazi na kubadilisha rangi ya maandishi. Mtihani wa mwisho nilipata 81. Cheti kina muhuri wa dhahabu, mama amekitia fremu na kukitundika sebuleni.

Mjomba akanitafutia nafasi ya kujifunza kazi kwa wiki nane kwenye ofisi ndogo ya wakala wa forodha, watu sita tu. Hapo ndipo nilipoaibika. Wiki ya pili niliambiwa niandike muhtasari wa kikao. Niliandika kurasa nne, kila mtu alichosema, hata utani. Bosi akaniuliza, "Sasa hapa nani anatakiwa afanye nini?" Sikuwa na jibu. Halafu nikakabidhiwa peti keshi ya laki mbili, kwa ajili ya bodaboda, maji ya kunywa na vocha za simu. Nilikuwa naandika kwenye daftari jioni, nikikumbuka. Wakati mwingine nilitoa chenji kwenye pochi yangu nikajirudishia baadaye. Wiki ya nne ilipohesabiwa ikapungua shilingi 18,500, na wallahi Shangazi sikuchukua hata mia.

Kilichonimaliza ni hati za mzigo. Tuna wateja wawili wanaitwa Hamisi. Mimi niliweka hati za mmoja kwenye faili la mwenzake. Zilitafutwa mchana kutwa, zikapatikana kesho yake, na mzigo ukalala bandarini siku moja zaidi kwa kulipia. Ilikuwa Ijumaa tarehe 6. Mama mhasibu akaniambia mbele ya watu wote, "Hiyo miezi mitatu ulikuwa unasoma nini?" Nilikwenda chooni nikalia. Jumatatu sikurudi, simu zao sikupokea. Nilikuwa nimebakiza wiki tatu.

Sasa kikoba kimevunja mzunguko wake, wanachama wamegawana, na mama amepata laki sita na ishirini baada ya kukatwa mkopo wangu. Chuo kile kile wamenipigia, wana Diploma ya Utawala wa Biashara ya miezi sita kwa laki tano na themanini, na wamesema nafasi zinaisha Ijumaa. Mjomba anasema ofisi siyo yangu, nipewe hela hiyo niuze mitumba. Mama anasema nichague mwenyewe, hatanilaumu, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Shangazi, nilipe? Au kichwa changu tu hakifai ofisini?

Binti wa Rangi Tatu

*

Marahaba mwanangu,

Pesa ya mama isitoke ndani Ijumaa hii. Ukiacha kusoma hapa hapa kwa haraka ya kwenda kupanga magunia gengeni, naomba hilo moja uwe umelisikia.

Stashahada ya miezi sita kwa mtu aliyetoka kidato cha nne haipo katika utaratibu wa nchi hii. Vyuo vya aina hii viko chini ya baraza linaloitwa NACTVET, ambalo zamani tulilijua kama NACTE, na masomo yake yamepangwa kwa ngazi. Mwenye cheti cha kidato cha nne anaanzia ngazi ya 4, ndiyo astashahada ya awali. Anapanda ya 5, ambayo ni astashahada, kisha ya 6, ambayo ndiyo stashahada, hiyo wanayoiita diploma. Kila ngazi kwa kawaida huchukua mwaka. Hesabu mwenyewe, ni miaka mitatu. Aliyemaliza kidato cha sita na akafaulu inavyotakiwa huingilia ngazi ya 5, naye bado anakaa miaka miwili. Anayekuambia miezi sita anakuuzia neno lililochapishwa kwenye karatasi nzuri.

Nenda kawaombe namba ya usajili wa chuo, na uulize kozi hiyo hasa imeidhinishwa na nani kwa ngazi ipi. Usionyeshwe leseni ya biashara ya manispaa ukaridhika, wala cheti cha BRELA, wanaosajili majina ya biashara na kampuni. Leseni inampa mtu ruhusa ya kufanya biashara, na hata duka la mchele linayo. Ukishapewa namba, itazame mwenyewe kwenye orodha ya vyuo ambayo NACTVET huiweka kwenye tovuti yake. Wakikuambia usajili uko kwenye mchakato, shukuru, panda daladala urudi Rangi Tatu.

Turudi kwenye matokeo yako, maana nimeona umeyaandika kama mtu anayeomba radhi. Sharti la kuingia ngazi ya 4 katika kozi nyingi za biashara na ofisi ni ufaulu wa D nne au zaidi, masomo ya dini hayahesabiwi. Toa ile C ya dini. Umebaki na Kiswahili, Kiingereza, Uraia na Jiografia. Ni nne. Zimetosha bila hata moja ya akiba, lakini zimetosha. Mlango uliokuwa unauzunguka kwa laki tatu na nusu ulikuwa wazi tangu matokeo yalipotoka, na inaniuma kwamba hakuna mtu mzima aliyekuambia.

Halafu jambo dogo linalowakwamisha wengi: je, cheti chako chenyewe cha kidato cha nne unacho mkononi, au kiko shuleni na wewe una karatasi ya matokeo? Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma yanasema wazi kwamba hati za matokeo hazikubaliwi. Wanataka cheti. Kama kuna deni la shule linalokizuia, hilo ni matumizi halali ya sehemu ya pesa ya mama.

Sasa swali lako la kichwa. Nimekisoma kisa chako mara tatu, na sijaona mahali ambapo kichwa kimeshindwa. Naona mtu aliyekabidhiwa kazi tatu ambazo hakuna aliyemfundisha hata moja. Umefundishwa maana ya menejimenti. Anayekaa mapokezi haulizwi maana ya menejimenti. Anaulizwa hati za Hamisi ziko wapi.

Mimi nilianza masijala, pale ofisi inapopokea na kutunza barua na mafaili, nikiwa na umri kama wako. Mwezi wa kwanza ilikuja barua ya mzee mmoja mstaafu aliyekuwa anafuatilia mafao yake kutoka mkoani. Nikaiweka kwenye droo yangu ili niishughulikie vizuri kesho, nilikuwa na nia njema kabisa. Usiku malaria ikanilaza, nikakaa nyumbani siku nne. Yule mzee alifika siku ya pili, akaambiwa barua yake haijafika. Akalala kwa jamaa, akarudi siku ya tatu, akaambiwa vile vile, akaondoka. Niliporudi kazini nikaifungua droo na kuikuta pale, imekunjwa vizuri. Karani mkuu hakunifokea. Alinionyesha rejesta ya barua zinazoingia, akanionyesha muhuri wa tarehe, akasema barua ikishavuka mlango wa ofisi hakuna mtu mwenye haki ya kuifanya yake.

Kazi yote ya ofisi ya ngazi ya mwanzo iko hapo, mwanangu. Ni kupanga vitu hivi kwamba siku wewe hupo, mtu mwingine aingie akute kila kitu. Ukilishika hilo, mambo yako yote matatu utayaona kwa jicho jingine.

Chukua faili la Hamisi. Ulipanga kwa jina la mteja, na ni lazima yangegongana, kwa sababu mji huu una akina Hamisi, akina Juma na akina Neema wasio na idadi. Kwenye uwakala wa forodha kila mzigo unapewa namba ya kazi. Faili linafunguliwa kwa mzigo, na namba inaandikwa mgongoni mwa faili kwa kalamu nene. Kisha kunakuwa na rejesta moja: namba, jina kamili la mteja, aina ya mzigo, tarehe ya kufungua faili. Anayetafuta anaanza kwenye rejesta. Ndani ya faili kila karatasi inapewa namba kwenye kona ya juu kulia, 1, 2, 3, kwa mfuatano wa kuingia. Sisi masijala tunaita folio. Ikinyofolewa folio ya 7 utajua, maana 6 inafuatwa na 8. Na mtu akiondoka na faili, mahali pake panabaki kadi yenye jina lake na tarehe. Hata mkurugenzi. Hasa mkurugenzi.

Kwenye kompyuta mambo ni yale yale. Anza jina la kila waraka na mwaka, mwezi, siku, kwa mfano 2025-03-07 barua kwa mteja vigae, na nyaraka zitajipanga zenyewe kwa mfuatano bila kuguswa. Nimeona ofisi kubwa zina nyaraka tano zinazoitwa barua mpya, na hakuna anayejua mpya ni ipi.

Peti keshi nataka nikae nayo kidogo, kwa sababu hapo ndipo jina la mtu huchafuka bila kosa la wizi. Ulikabidhiwa 200,000. Kuanzia saa hiyo, fedha iliyomo kwenye kisanduku ukiijumlisha na vocha za matumizi, yaani karatasi za kila fedha iliyotoka, lazima ipatikane 200,000, saa yoyote ile atakayotokea mtu kuhesabu. Una taslimu 112,500? Basi vocha zilizomo zijumlishwe zifike 87,500. Zikibaki taslimu kama 40,000, unapeleka vocha za 160,000 kwa mhasibu, anazikagua, anakupa 160,000, kisanduku kinarudi pale pale. Mchezo ni huo, na hesabu yake ni ya kujumlisha na kutoa tu. Ile F ya Hisabati haina cha kukufanya hapa.

Wewe ulikuwa unaandika jioni kwa kukumbuka. Hapo ndipo 18,500 zilipopotelea, nina hakika nalo. Bodaboda wa asubuhi 3,000, mwingine 2,500, vocha ya simu ya dereva 5,000, na siku tano za namna hiyo kila moja ikisahaulika kidogo. Fedha haitoki kabla karatasi haijaandikwa, hata kama aliyenyoosha mkono ni bosi na ana haraka. Bodaboda hana risiti, sawa, basi unamwandikia vocha: tarehe, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, safari ya wapi kwa kazi gani, saini ya aliyepokea na ya aliyeidhinisha. Ukinunua karatasi au wino dukani, dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina na namba ya mlipakodi (TIN) ya ofisi, maana mhasibu anaitaka hiyo kwenye hesabu zake za kodi. Hesabu kisanduku asubuhi ukifika na jioni kabla hujaondoka. Na pochi yako isikutane na kisanduku, hata kwa chenji ya mia mbili. Ulifanya kwa moyo mwema, lakini ulipojirudishia ile chenji hukuwa na karatasi ya kukutetea.

Kuhusu muhtasari, bosi wako alikuuliza swali zuri kuliko yote uliyoulizwa chuoni. Nani afanye nini. Ongeza na lini. Juu unaandika tarehe, mahali, waliohudhuria, waliotoa udhuru, nani mwenyekiti, nani katibu. Kisha ajenda moja moja, na yatokanayo na kikao kilichopita yanatangulia mambo mapya, ili ahadi za wiki jana zisizikwe. Mengineyo yanakuja mwisho. Ndani ya kila ajenda huandiki mazungumzo, unaandika mliloliamua.

Nadhani kwenye kurasa zako nne kulikuwa na kitu kama hiki: "Bosi alisema mzigo wa vigae umechelewa sana na mteja analalamika, dereva akasema yeye yuko tayari tangu juzi, mhasibu akasema hajapewa namba ya malipo." Sasa soma hivi: "Mzigo wa vigae. Ilikubaliwa namba ya malipo ifuatiliwe leo na malipo yafanyike kesho. Mhusika: mhasibu. Mwisho: Jumatano saa 4 asubuhi." Mistari miwili, na Jumatano kikao kitakapokaa tena kila mtu anajua amuulize nani.

Pa kujifunzia ukiwa nyumbani unapo, tena pazuri. Mama yako yuko kwenye kikoba. Kikoba kinakaa kikao, kina akidi, kina hisa, mikopo, faini na ugomvi. Mwombe mama akuombee kwa mwenyekiti uwe unaandika muhtasari wao wa kila kikao, bure, na kikao kinachofuata uusome mbele yao wauthibitishe. Akina mama wa kikoba hawakubali kuandikiwa uongo kuhusu pesa zao, watakusahihisha papo kwa papo kuliko mwalimu yeyote. Na genge lenu lipatie daftari la peti keshi kuanzia kesho asubuhi. Ukifanya hivyo wiki sita bila kukosea shilingi, hutaniuliza tena kama kichwa chako kinafaa.

Kuchapa ni suala la mazoezi tu. Vidole vyote kumi, macho kwenye karatasi na si kwenye kibodi. Kile kiuvimbe kidogo kwenye herufi F na J kimewekwa ili vidole vya shahada vijue nyumbani ni wapi bila kutazama. Nusu saa kila siku kwa miezi miwili inatosha kukubadilisha. Kwenye Excel jifunze kujumlisha safu, kupanga kwa tarehe na kuchuja. Mengine yatakuja na kazi.

Sasa pesa. Katika ngazi uliyopo nisingekushauri uanze na kozi yenye jina kubwa la utawala wa biashara. Ni somo zuri, na Chuo cha Elimu ya Biashara pale Bibi Titi kinafundisha mambo ya biashara tangu 1965. Lakini mtu wa kidato cha nne mwenye astashahada ya utawala anashindania nafasi na wenye shahada ya jambo hilo hilo. Mimi ningekuelekeza kwenye uhazili, yaani kazi ya ukatibu, au utunzaji wa kumbukumbu, kozi zinazokuachia kitu mikononi. Chuo cha Utumishi wa Umma kinazo, na ndiko kilikoungana kile Chuo cha Uhazili cha Tabora kilichowafundisha makatibu wa nchi hii kwa miaka mingi. Kipo hapa Dar na kina matawi mikoani. Ukisikia watu wanasema uhazili umekufa kwa sababu ya kompyuta, kasome matangazo ya ajira serikalini. Kazi tuliyoiita katibu mahsusi sasa inaitwa mwandishi mwendesha ofisi, na bado wanataka stashahada ya uhazili, hatimkato, yale maandishi ya mkato ya kunasa maneno ya msemaji, ya Kiswahili na Kiingereza maneno 100 kwa dakika moja, pamoja na programu za kompyuta. Maneno 100 kwa dakika ni kazi ya jasho, sikufichi. Lakini ndiyo sababu mwenye nayo hapati wapinzani wengi.

Uliza pia VETA Chang'ombe wana kozi gani za kompyuta na ofisi kwa sasa. Popote utakapokwenda, omba orodha ya gharama zote kwa maandishi, si ada peke yake: mitihani, kitambulisho, michango, sare kama zipo, halafu ongeza nauli ya kutoka Rangi Tatu kwenda na kurudi kwa siku za masomo. Nauli ndiyo inayowatoa watoto wa Mbagala vyuoni kuliko ada. Vyuo vya serikali hulipwa kwa kontrol namba. Mtu akikupa namba yake ya simu umtumie pesa akuombee nafasi, huyo anakuibia. Dirisha la maombi lisipokuwa wazi sasa usihangaike, baadhi ya vyuo hupokea kundi la Machi mbali na lile kubwa la karibu na Oktoba. Pesa ibaki kwa mama mpaka hapo, na laki sita na ishirini haitamaliza miaka mitatu, kwa hiyo kaeni mezani wewe, mama na mjomba muone mwaka wa kwanza utalipwaje, na wa pili mtaanza kuuchangia lini.

Mjomba msimwone adui. Amekutafutia nafasi kwa heshima yake, wewe ukatoroka, na yeye ndiye aliyebaki kujibu simu. Mwendee, umwombe msamaha kwa hilo kabla ya kuongea habari ya mitumba. Tena ukija kuuza mitumba siku moja, daftari la kisanduku ni lile lile.

Limebaki jambo moja, na najua hulitaki. Rudi kwenye ile ofisi.

Tazama tarehe uliyoandika. Ijumaa tarehe 6. Tarehe 7 ya kila mwezi ndiyo mwisho wa kupeleka TRA kodi iliyokatwa kwenye mishahara ya mwezi uliopita, na safari hiyo iliangukia Jumamosi. Yule mama alikuwa na makato ya watu mezani, mteja amesimama mlangoni, na hati hazionekani. Hakufanya vizuri kukusema mbele ya watu, na simtetei kwa hilo. Lakini mtu aliyekukatia tamaa asingekupigia simu, na umesema walipiga. Mhasibu mkali kwenye ofisi ya watu sita ndiye mwalimu ambaye hukumpata kwa laki tatu na nusu. Wiki tatu ulizobakiza kwake zina thamani kuliko ile fremu ya sebuleni, na mwishoni utaweza kumwomba akuandikie barua kwamba ulijifunza pale.

Usiende mikono mitupu. Andika barua, ichapishe steshenari, ukurasa mmoja. Usianze na "husika na kichwa cha habari hapo juu". Kila mtu mjini anaanza hivyo na hakuna anayejua inasema nini. Anwani yako juu kulia, tarehe, anwani yao kushoto, kisha:

"YAH: KUOMBA KUMALIZIA WIKI TATU ZA MAFUNZO

Ndugu Mkurugenzi, niliacha kufika ofisini kuanzia Jumatatu tarehe 9 bila kutoa taarifa na bila kupokea simu zenu. Lilikuwa kosa langu, naomba radhi kwako na kwa wafanyakazi wote.

Peti keshi niliyokabidhiwa ilipungua shilingi 18,500 kwa sababu sikuandika vocha wakati wa kutoa fedha. Naomba kuirudisha kwa awamu mbili. Pia naomba, kwa ruhusa ya mhasibu, nizipange upya hati za wateja kwa namba ya mzigo na kuandaa rejesta yake.

Naomba kumalizia wiki tatu zilizobaki kuanzia siku mtakayonielekeza."

Chini yake saini, jina lako kamili na namba ya simu. Toa nakala mbili, moja wakugongee muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Ipeleke Jumatatu saa mbili kasoro, kabla simu hazijaanza kulia, na umkabidhi mama mhasibu mwenyewe mkononi. Tarehe 6 au 7 usiende.

Mama msalimie sana.

Shangazi